Wati Mia Moja na Kumi na Tano

2 Machi

Mwanangu,

Picha zimerudi. Daktari kijana aliniletea mwenyewe ndani ya bahasha, akaanza kutafuta maneno. Nikamwambia asihangaike, nilikuwa nasoma mapafu ya watu kabla mama yake hajaolewa. Nikaiinua picha dirishani na kujisoma kama ninavyomsoma mtu mwingine. Pafu la kushoto limekwisha, la kulia limeanza kumfuata mwenzake. Ningekuwa naandika ripoti, ningetaja majuma, si miezi. Usilie ukiwa kazini. Lia ukifika nyumbani, kisha nawa uso unisikilize.

Nina ombi moja. Mwanao asiambiwe. Unajua amepewa kazi ya kujenga kompyuta arobaini za ile studio ya katuni, na akizikabidhi kufikia katikati ya Aprili atafungua karakana yake mwenyewe, aache kufanya kazi chini ya paa la mtu. Akisikia habari zangu atatupa bisibisi na kupanda basi la kwanza. Alishafanya hivyo nilipovunjika mguu. Yeye akafukuzwa kazi, mimi nikapona bila msaada wake.

Kwenye simu sitaongea naye, maana pumzi zangu zitanisema. Nitamwandikia, kama tulivyozoea tangu akiwa shule ya bweni. Na Jumapili tutashindana magari kwenye kompyuta kama kawaida. Hayo mawili ndiyo ninayoyataka kwa muda uliobaki: yeye apate karakana, mimi nipate Jumapili zangu. Kikwazo ni kiti tu. Siwezi tena kukaa mezani hata kwa mbio moja. Nitatafuta njia.

Wewe njoo Jumamosi kama siku zote. Ukija kila siku majirani watauliza, na majibu yatamfikia.

Mama yako

4 Machi

Mume wangu,

U hali gani na vyuma vyako? Mkeo mkubwa sijambo. Kama unao wadogo, sijauliza.

Nina swali la kitaalamu, unijibu kama mtaalamu, usinibembeleze. Nimeona tangazo la laptop ya michezo. Wameandika kwamba ina kadi ya picha ileile iliyomo ndani ya Kabati ulilonijengea. Jina lilelile, namba ileile. Kama ni kweli, kwa nini nimeishi miaka mitatu na mtambo mkubwa kama friji chini ya meza, unanipulizia joto miguuni? Nataka kitu cha kupakata. Nimechoka na kiti. Nataka nishindane nawe nikiwa barazani, nikipunga upepo kama watu wengine wenye pensheni.

Lakini picha lazima iwe nzuri. Unajua macho yangu. Nimelipwa maisha yangu yote kutofautisha kijivu na kijivu, siwezi leo kutazama ukungu uliofanana na uji.

Jambo lingine, maikrofoni yangu imekufa. Jumapili usinisemeshe, hutajibiwa. Usidhani nimenuna.

Mkeo,
Bibi

7 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma bisibisi mkononi. Miaka mitatu ya Kabati, leo unataka kuniacha kwa ajili ya tangazo.

Nisikilize. Jina ni moja, lakini vitu ni viwili. Kadi ya mezani yenye jina hilo ni kubwa kama tofali, ina feni tatu, na inakula umeme zaidi ya wati mia tatu. Hiyo ya laptop, yenye jina hilohilo, ni chipu ndogo zaidi iliyogandishwa kwenye ubao, na inapewa wati mia moja na kitu, kwa sababu ikipewa zaidi itakukaanga mapaja. Kwa hiyo inafanya kama theluthi mbili ya kazi ya mwenzake, siku nyingine nusu. Ikipata joto inajipunguza yenyewe. Ukichomoa chaja inajipunguza tena. Na siku ikizeeka, huchomoi kadi ukaweka nyingine. Unatupa nyumba nzima kwa sababu ya jiko.

Sisemi laptop ni mbaya. Mwanafunzi, mtu wa safari, mtu anayelala leo hapa kesho kule, hiyo ndiyo yake. Lakini wewe, Bibi, unasafiri kwenda wapi? Unatoka kitandani unaenda mezani, basi. Ukinunua hicho kitu utakuwa umeamini tangazo kama mpumbavu, na wewe ndiye uliyenifundisha kutoamini picha kabla ya kuuliza imepigwaje.

Nimekutumia kwa basi la leo kadi mpya, bora kuliko iliyomo, na maikrofoni. Kadi ifunge mwenyewe. Uliwahi kushika mifupa, hutashindwa na skrubu mbili. Ukimaliza fanya lile jaribio la dakika kumi, uniandikie fremu za mwanzo, yaani picha ngapi kwa sekunde, fremu za mwisho, joto na wati. Nataka nijivunie mbele ya wenzangu.

Mashine za studio: nimemaliza sita. Silali vizuri, ila nalala nikitabasamu.

Mumeo asiyeachika,
Bisibisi

12 Machi

Mwanangu,

Mwanao ameniandikia kurasa mbili za wati akinishauri nisinunue laptop. Kila neno lake ni sahihi. Hata hivyo nimenunua. Muuguzi anayekuja asubuhi ndiye aliyekwenda dukani, na ndiye anayeniwekea kitandani. Nanyanyua magoti, naitegemeza juu ya blanketi, nashika pedi ya kuchezea, naendesha.

Kadi aliyotuma imefika. Nilitaka kuifunga. Nilipiga goti mbele ya Kabati nikabaki palepale mpaka muuguzi alipokuja kuninyanyua. Iko kwenye sanduku lake, kando ya mto.

Anadai namba za jaribio. Sijui nifanye nini. Sijapata kuandika usomaji wa uongo tangu nianze kazi.

Mama yako

16 Machi

Mume wangu,

Mzigo umefika salama. Kadi ni nzuri mno. Nimeishika muda mrefu, nzito kama mtoto mchanga. Maikrofoni nayo ni nzuri.

Jaribio ulilotaka nimelifanya, na hiki ndicho nilichokiona. Fremu kwa sekunde, mwanzoni tisini na nne. Baada ya dakika kumi, hamsini na nane. Joto, nyuzi themanini na saba. Wati, mia moja na kumi na tano. Nilirudia, ikawa karibu hivyohivyo.

Jana ulinipita kwenye daraja kwa kunigonga ubavu. Mwanamume mzima, unamgonga mkeo. Nilifurahi siku nzima. Ukiniona naendesha tofauti kidogo, ni kwamba nimeuacha usukani, unaniuma bega. Natumia pedi.

Mkeo,
Bibi

18 Machi

Mke wangu,

Namba nimezipokea. Sawa.

Kama unamjua mtu yeyote mwenye laptop, mwambie asiiweke juu ya blanketi. Matundu ya hewa yako chini, blanketi linayaziba, na mashine inakosa pumzi. Aweke sinia kati ya laptop na blanketi, na nyuma ya sinia aweke kitabu ili upande huo unyanyuke kidogo. Na chaja isichomolewe wakati wa mbio.

Nimemaliza mashine kumi na tano.

Bisibisi

23 Machi

Mume wangu,

Yule mtu mwenye laptop nimemfikishia ujumbe wako. Ameweka sinia. Anasema joto limeshuka na fremu zimepanda kama ishirini. Anauliza fundi amejuaje habari za blanketi. Nimemjibu kwamba fundi ana maneno mengi tu, baadhi lazima yaangukie penye ukweli.

Sasa jambo langu mimi. Jana nimekushinda mara mbili, na sikufurahi. Kwenye ule mteremko wa ukungu ulichelewa kona tatu. Wewe huchelewi kona zile, unazijua kama njia ya chooni. Kama umeanza kuniachia, sema, niuze hii pedi ninunue nyuzi za kufumia. Sikuanza mchezo huu ili nibebwe mgongoni. Unijibu kwa ufupi, na ukweli.

Bibi

25 Machi

Bibi,

Sikukuachia. Nitakueleza, lakini kwa ufupi siwezi.

Kabati haliwezi kutoa namba ulizoniandikia hata likijitahidi. Ile kadi niliyotuma haianguki kutoka tisini na nne hadi hamsini na nane ndani ya dakika kumi, ina feni na ina nafasi. Kinachoanguka hivyo ni laptop, tena laptop iliyozibwa pua. Ikiwa juu ya meza haizibwi. Ikiwa barazani haizibwi. Inazibwa ikiwekwa juu ya kitu laini, na mtu mwenye akili zako haiweki hapo mpaka awe hana pengine pa kuiweka. Halafu maikrofoni umeisifu lakini hujaifunga. Halafu usukani. Nilikaa na barua yako mkononi nikayaweka hayo pamoja, na nilichokiona ni kitanda.

Nikampigia Mama. Nikamuuliza Bibi anaumwa nini. Akasema, "Kamuulize bibi yako." Mama hajui kusema uongo, anajua kunyamaza tu.

Nikaona hutaki kuulizwa, kwa hiyo sikuuliza. Nilifanya hivi: niliibana kadi yangu. Kuna mahali unaiambia isivuke wati kadhaa, nikaiwekea mia moja na kumi na tano kama yako. Nikachukua na kioo kidogo cha kompyuta, kama chako. Mkono wangu sikuugusa. Ukungu ulionificha kona ndio huohuo unaokuficha wewe. Umenishinda kwa haki, na imeniuma, na ukitaka nitakuapia.

Ila kuna kitu kimenikera, acha nikitoe. Uliniuliza habari za laptop. Ungeniandikia maneno mawili tu, "Siwezi kukaa," nisingekuhubiria habari za wati. Kompyuta ya mezani hakuna aliyeilazimisha kukaa mezani. Ibaki hukohuko chini, wewe unachohitaji ni kioo na pedi. Waya mrefu, mkono wa chuma wa kukining'iniza kioo juu ya kitanda, kwisha. Kazi ya asubuhi moja. Badala yake umekaa majuma mawili na moto mapajani.

Sasa nauliza. Una nini?

Mjukuu wako

27 Machi

Mume wangu,

Kulikuwa na aina ya mgonjwa tuliyemjua sana hospitalini. Anaingia, hataki kukaa, anasema, "Nipe dawa fulani," anaitaja kwa jina. Ukimuuliza anaumwa wapi, anakasirika. Niliwagombeza watu hao kwa miaka mingi: niambie panapouma, dawa niachie mimi. Kisha zamu yangu ilipofika nikakuandikia wewe, "Nipe laptop." Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Panapouma ni mapafu. Yote mawili. Hayaponi, na haitachukua muda mrefu. Nimeiona picha kwa macho yangu, hakuna wa kumlaumu kwa kuisoma vibaya.

Nilimwambia mama yako kwamba nakuficha kwa ajili ya karakana. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na sina tena muda wa kusema mambo nusu. Tangu picha zile zitoke, kila anayeingia chumbani humu anashusha sauti mlangoni. Muuguzi, jirani, hata muuza maziwa. Wananikubalia kila nisemacho. Juzi nilisema siku hizi giza linaingia mapema, jirani akajibu, "Kweli kabisa, Daktari." Ilikuwa saa saba mchana. Wewe peke yako ulikuwa bado unanigonga ubavu na kuniita mpumbavu wa matangazo. Nilitaka abaki mtu mmoja asiyejua. Nilikuchagua wewe uwe mtu huyo, na sikukuuliza kama unakubali. Nimekunyima siku ambazo ungekuwa unajua, na ungezitumia unavyotaka. Hizo siwezi kukurudishia. Nisamehe.

Nikuambie na lingine, sijamwambia mama yako. Naogopa. Nilidhani mtu aliyeeleza watu wengi kiasi kile habari mbaya angekuwa amezoea. Sikuwa nimezoea chochote. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza tu. Ninapoogopa zaidi ni alasiri, chumba kikiwa kimya, nasikia pumzi yangu mwenyewe na kuihesabu kama ya mgonjwa wangu. Nikiwa kwenye ile barabara ya mlimani siihesabu.

Kwa hiyo ulivyoibana kadi yako badala ya kuubana mkono, sijui nikuambie nini. Madaktari wachache sana wangefikiria dawa hiyo.

Sasa sikiliza. Usije kabla hujakabidhi mashine zote arobaini. Hilo ni ombi, na mimi ni mkubwa wako, kwa hiyo pia ni amri. Kama nitakuwepo, nitakuwepo. Kama sitakuwepo, nitakuwa nimekwenda nikijua una mlango wako mwenyewe wa kufungua asubuhi. Usininyime hilo kwa kukimbilia basi.

Mkeo,
Bibi

6 Aprili

Mwanangu,

Mkono umechoka. Nasema mimi, anaandika mwanao. Akiongeza maneno yake usiyaamini.

(Naongeza panapokosewa tu. Bisibisi.)

Nilimkataza kuja. Jumanne nikasikia watu wanashusha vitu nje, nikadhani jirani anahama. Kumbe ni yeye na lori. Aliingia chumbani na vumbi lake, akasimama pale mlangoni, hakushusha sauti hata kidogo. Akasema, "Ulisema nisije kabla ya kukabidhi kazi. Hukusema nisije na kazi."

Sebule uliyoipanga mwaka jana haipo tena. Kuna mashine kwenye makochi, mashine jikoni, mashine juu ya rafu ya vyombo.

(Juu ya rafu ni moja. Na studio nimewapigia, wamekubali kuja kuzichukua hapahapa. Anwani ni anwani.)

Kioo kinaning'inia juu ya kitanda changu. Alimaliza asubuhi moja kama alivyosema. Kabati liko palepale chini ya meza, lina kadi mpya, na siku hizi linapuliza joto lake bila kumuunguza mtu. Laptop ameichukua yeye, anakaa nayo kwenye kiti cha mlangoni. Jana amefungwa. Eti ilipata joto.

(Ilipata joto kweli. Bibi sasa anaendesha na wati mia tatu, mimi nina mia moja na kumi na tano. Hakuna aliyejitolea kubana chochote.)

Hakuniomba.

(Sikuomba.)

Mbio ya pili sikuimaliza. Hii dawa ya maumivu aliyoongeza daktari inanifumba macho bila kuniaga. Nilisinzia katikati ya daraja. Nilipoamka gari langu lilikuwa limesimama, na lake limesimama nyuma yangu, taa zinawaka. Nikamgombeza kwa kunisubiri.

(Sikumsubiri. Laptop iliganda.)

Umeona alivyo. Yale niliyomwandikia, kwamba naogopa, nakuambia na wewe sasa. Yeye ndiye anayeandika, lakini ulipaswa kusikia kutoka kwangu. Alasiri si mbaya kama ilivyokuwa. Usisubiri Jumamosi. Njoo kesho, na kesho kutwa usirudi. Majirani wakiuliza, waambie.

Leta magodoro mawili, hakuna kochi la kulalia. Na umletee huyu mtoto shati, ana moja tu analifua kila

Mama, hapo ndipo amelala. Naendelea mimi.

Zimebaki tisa. Zilizokamilika nazijaribu zote kwa pamoja hapa sebuleni, lile jaribio la dakika kumi, na feni zinavuma kama mvua kwenye bati. Nilipoona amesinzia nikaenda kuzizima moja moja, ili apumzike. Ya mwisho nilikuwa sijatoa kidole kwenye swichi nikamsikia anauliza kutoka chumbani nani amezima. Sauti ndogo, lakini ya kigomvi.

Nimeziwasha zote. Amelala tena.

Mwanao